Halloween kwa familia zetu za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mavazi, maboga na albamu ya kumbukumbu

Maswali haya huanza kumiminika Septemba, maboga yanapopangwa nje ya maduka, na hayakomi mpaka Novemba. Wanaouliza ni wazazi wanaozungumza Kiswahili waliohamia Marekani kutoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi na kwingineko. Wengine ndiyo kwanza wamefika, wengine wana watoto waliozaliwa hapa na wanaoijua Halloween kuliko wao. Anayejibu ni mtu wa mkasi na gundi, kwa hiyo usishangae nikikaa muda mrefu kwenye katoni na picha kuliko kwenye mizuka.

Halloween ni nini hasa, na ni lazima tushiriki?

Ni jioni ya 31 Oktoba. Watoto huvaa mavazi ya kujigeuza, hupita nyumba kwa nyumba, hugonga na kusema "trick or treat", na mwenye nyumba huwapa pipi. Si sikukuu ya serikali. Ofisi, shule na maduka hufunguliwa kama siku nyingine. Chimbuko lake liko Ireland na Scotland, ambako Waselti wa kale walikuwa na Samhain, sherehe ya kuaga mavuno na kuingia majira ya baridi. Baadaye Kanisa likawa na Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na Halloween ikawa mkesha wake. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland waliivusha bahari katika karne ya 19. Wakatoliki waliotoka Kongo na Burundi wanaijua vizuri hiyo 1 Novemba, ingawa ukitazama mifupa ya plastiki kwenye bustani ya jirani huwezi kudhani mambo haya mawili yana undugu.

Kushiriki si lazima. Mwenye nyumba asiyetaka wageni huzima taa ya barazani, basi, na hakuna atakayemnunia.

Dini yetu hairuhusu. Mtoto wangu atatengwa shuleni?

Waislamu wengi, Waadventista wengi na Walokole wengi hawashiriki, na walimu wamezoea. Mwandikie mwalimu mapema, wiki mbili kabla, uulize siku hiyo kuna nini darasani na mtoto atafanya nini wenzake wakisherehekea. Shule nyingine zimeshaacha jina la Halloween na kufanya sherehe ya majira ya mapukutiko tu, yenye maboga na majani makavu. Makanisa mengi nayo yana njia yao: waumini hupanga magari kwenye maegesho, hupamba buti, na watoto hupita gari hadi gari mchana kweupe wakipewa pipi.

Kama hata hiyo hutaki, kazi za mikono na albamu zilizo chini hapa hazina haja ya Halloween. Majani ya mti wa mepo (maple) yakigeuka mekundu ni ya Mungu, hayana mzuka ndani yake. Mtoto anaweza kuyakausha katikati ya kurasa za kitabu kizito kwa wiki moja hivi, akayabandika na kuandika tarehe.

Watoto hutoka saa ngapi? Jirani ananiambia hivi, mwingine vile.

Kila mji hutangaza saa zake, na wengi huchagua kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku. Angalia tangazo la mji wako mwenyewe, usifuate la binamu yako aliyeko jimbo jingine.

Des Moines, Iowa, ambako kuna Warundi na Wakongo wengi, pana mkanganyiko wa aina yake. Mwaka 1938, baada ya vijana kufanya uharibifu mwingi usiku wa Halloween, mji ulianzisha usiku wa watoto kuombea pipi, na kwa miaka mingi ukawa tarehe 30 Oktoba badala ya 31. Ndiyo maana mpaka leo utasikia watu wa huko wakibishana tarehe. Desturi nyingine iliyobaki ni tamu zaidi: mtoto hapewi pipi bure, lazima aseme kichekesho au fumbo kwanza.

Hapa ndipo watoto wetu wana mtaji. Vitendawili vinavyotafsirika vizuri vipo tele. "Nyumba yangu haina mlango" mzee wa Kimarekani atakuna kichwa mpaka aambiwe ni yai. "Kuku wangu katagia miibani" kinahitaji awe amewahi kuona nanasi likiota, kwa hiyo kiache kwa jirani aliyewahi kukaa Hawaii. "Ajifungua na kujifunika", yaani mwavuli, kinafaa sana kama mvua inanyesha. Mfundishe mtoto aanze kwa kusema "Kitendawili!" na amwambie mwenye nyumba ajibu "Tega!" Mtaa mzima utamkumbuka mwaka unaofuata.

Nitajuaje nyumba ya kugonga?

Taa ya barazani ikiwaka, gonga. Ikiwa imezimwa, pita.

Tunakaa apatimenti. Hakuna anayegonga.

Majengo mengi huweka karatasi ya kujiandikisha karibu na masanduku ya barua, wapangaji wanaotaka wageni wakaandika namba za milango yao. Kama jengo lenu halina, iweke wewe. Au nendeni mtaa wa rafiki wa kanisani au msikitini mwenye nyumba ya chini. Hakuna anayeuliza mtoto anaishi wapi.

Vazi la dukani bei yake inatisha, na mtoto atalivaa mara moja. Nifanyeje?

Nenda duka la mitumba. Goodwill na wenzake hutenga safu nzima ya mavazi ya Halloween kuanzia Septemba, lakini mimi huipita safu hiyo na kwenda kwenye nguo za kawaida, ambako koti la mvua la njano huwa ndiyo nusu ya zimamoto, na shati jeupe la mtu mzima ni koti la daktari mdogo. Mtu aliyekulia karibu na Kariakoo au Gikomba hahitaji kufundishwa kuchambua mitumba. Hapa unafika kwenye rundo kabla halijafungwa robota.

Kisha kuna katoni, na hapa naomba subira yako.

Daladala ya katoni hutengenezwaje?

Watoto wa Kimarekani huvaa basi la shule la njano. Mtoto wako avae daladala. Tafuta katoni ambayo mtoto akisimama ndani yake anabaki na nafasi ya kiganja kimoja kila upande. Kata vifuniko vya juu na chini vyote. Pima kutoka kwapani hadi katikati ya paja na ukate urefu uishie hapo. Katoni ikifika magotini mtoto hawezi kupanda ngazi za baraza, na jioni nzima ni ya kupanda ngazi.

Ipake rangi nyeupe kwanza, mikono miwili, uache ikauke usiku kucha. Rangi ya maji ya ukutani iliyobaki kwenye kopo inafunika maandishi ya katoni vizuri kuliko rangi za watoto. Kisha piga mstari wa rangi ubavuni, kama magari ya Dar es Salaam yanavyopigwa kulingana na njia yanakopita, na mbele uandike njia mnayoitaka: Mbagala – Kariakoo, Gongo la Mboto – Posta. Wakenya wachore mstari wa njano wa matatu, ule uliokuja na sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, mwaka 2004, halafu juu yake wamwage michoro yote wanayotaka, maana matatu isiyo na michoro ni ya nani? Magurudumu ni sahani za karatasi zilizopakwa rangi nyeusi. Taa za mbele ni vifuniko vya chupa za mtindi vilivyofunikwa foili. Mikanda miwili ya kitambaa ipite mabegani na kupishana mgongoni, ibanwe kwa stepla ndani ya katoni na kufunikwa kwa selotepu pana ili pini zisimkwaruze.

Usisahau maandishi ya nyuma. Daladala bila methali au dua kwenye kioo cha nyuma ni gari la ofisi.

Familia nzima inaweza kuingia. Baba ndiye konda, na noti za kuchezea amezikunja katikati ya vidole. Mama na wadogo ni abiria wenye vikapu. Mtoto mwenye katoni yuko mbele. Konda akipiga ubavu wa gari mara mbili, gari linaondoka. Wamarekani hawataelewa nusu ya mchezo, ila picha zitakapofika kwenye kundi la ukoo mtachekwa kwa siku tatu.

Waliotoka Goma wana chukudu. Gari lile la mbao la kusukuma linatengenezeka kwa kadibodi juu ya skuta ya kawaida ya mtoto, na juu yake gunia la maharage lililojazwa nguo.

Sina muda wala cherehani. Kuna kitu cha nusu saa?

Kobe. Sinia la alumini la kuokea, lile la kutupa, pindua, paka kijani, chora vigae kwa kalamu nene nyeusi, toboa matundu manne na upitishe lastiki pana iwe mikanda kama ya begi. Nguo za kijani chini yake. Kingo za sinia ni kali, zizungushie selotepu kabla ya kumvisha mtoto.

Twiga naye ni sweta ya njano yenye kofia na vipande vya felti ya kahawia, vilivyobandikwa kwa gundi ya kitambaa au kushikizwa kwa uzi. Kama mna watoto wawili, sungura na fisi. Sungura apewe mdogo, kwa sababu zinazojulikana na kila aliyesikia hadithi zao.

Naweza kutumia kitenge?

Ndiyo, na kinapendeza mno, ila mambo mawili. Joho la shujaa lisifungwe fundo shingoni. Likinaswa kwenye mlango wa gari au tawi linakaba. Shonea kanda za kunata mabegani ili likivutwa liachie. La pili ni moto. Pamba hushika moto haraka, na kitenge kingi ni pamba, na kipana kinachoburuza karibu na boga lenye mshumaa ni hatari ya kweli. Mavazi ya dukani mengi huandikwa kwamba yanahimili moto. Kitenge chako hakina karatasi hiyo. Kata kifupi, kisiguse chini, na hapo nyumbani tumia taa za betri badala ya mishumaa.

Kanga ya bibi isikatwe. Funga, pindua, bana kwa pini, lakini mkasi usiikaribie.

Mwalimu amesema mtoto anaweza kuja "amevaa Kiafrika". Nimvishe?

Mimi simvishi siku hiyo. Shuka la Kimasai, shanga, kanzu na gauni la kitenge ni nguo ambazo watu wamevaa leo asubuhi kwenda kazini, sokoni na msikitini. Zikisimama kwenye mstari kati ya mchawi na mzuka, watoto wengine darasani watajifunza kwamba ni za kuigiza. Shule nyingi zina siku ya tamaduni. Hiyo ndiyo siku yake, na mtoto aende nazo amesimama wima. Daladala nimeiruhusu kwa kuwa gari halina hadhi ya kuvunjiwa.

Kwa upande mwingine, mtoto wako akitaka kuwa binti mfalme wa katuni, awe. Rangi ya ngozi yake haina haja ya kubadilika, na asikubali kupakwa ili afanane. Na kama mtoto wa mtu mwingine anapanga kujipaka uso mweusi ili "awe" mtu fulani, zungumza na mwalimu. Marekani kitendo hicho kina historia ndefu ya jukwaa la kuwadhihaki Weusi, na shule zinaijua.

Rangi za uso ni salama?

Zinazouzwa kwa ajili ya uso, ndiyo. Jaribu kidogo ndani ya mkono siku moja kabla. Glita isikaribie macho. Kutoa, mafuta ya nazi hufanya kazi vizuri kuliko sabuni. Kijana akikuomba lenzi za macho za paka, mwambie kwamba kwa sheria ya Marekani lenzi zozote, hata za urembo, huuzwa kwa cheti cha daktari wa macho. Za dukani bila cheti ziache.

Shule inakataza nini?

Kwa kawaida silaha za kuchezea, vinyago vinavyofunika uso mzima, na damu ya bandia. Soma barua iliyokuja kwenye begi.

Kutakuwa na baridi? Vazi litaonekana chini ya koti?

Minnesota bado wanasimulia Halloween ya 1991, theluji ilipoanza jioni hiyo na kuendelea mpaka ikafika inchi 28.4 Minneapolis na St. Paul, sawa na sentimita 72. Duluth ilipata karibu inchi 37. Hiyo si kila mwaka, lakini mtoto aliyekulia Kigoma au Mombasa huiona hata nyuzi 5 za Selsiasi kama adhabu. Kwa hiyo shona au nunua vazi kubwa kwa saizi moja na nusu, koti liingie chini yake, si juu. Mnyama mnene ni mnyama mzuri. Texas na Florida tatizo ni kinyume: vazi la manyoya litamchemsha mtoto kabla ya nyumba ya tano.

Weka kipande cha mkanda unaong'aa gizani mgongoni na kwenye mfuko wa pipi. Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani baada ya Halloween, kwa hiyo jioni hiyo jua linachelewa kidogo, lakini giza litakukuteni njiani.

Tuchonge boga lini, na vipi?

Zamani, kule Ireland na Scotland, walichonga tanipu. Maboga ni mazao ya Amerika, na wahamiaji walipoyakuta, makubwa, laini na tayari matupu katikati, tanipu ikasahaulika.

Chonga siku mbili hadi nne kabla. Ukichonga mapema zaidi litalegea na kuota ukungu, na Houston au Dallas hata siku tatu ni nyingi. Wengi hukata kifuniko juu, kwenye kikonyo. Kata chini badala yake: boga halibonyei haraka, na taa unaiweka mezani au sakafuni kisha unalifunika boga juu yake bila kuingiza mkono. Toa mbegu na nyuzi kwa kijiko kizito, kwaruza ukuta wa ndani upande wa sura mpaka ubaki unene wa sentimita 2 hivi, kisha chora kwa kalamu ya kufutika. Misumeno midogo ya kuchongea inauzwa kwa bei ndogo na ni salama kuliko kisu cha jikoni, ambacho huteleza. Watoto wadogo wachore, wakubwa wakate. Kingo zilizokatwa zipakwe mafuta ya mgando, zitachelewa kunyauka.

Boga hilo tunaweza kulila?

Lililochongwa na kukaa barazani, hapana. Litupe kwenye mboji. Ambalo halijachongwa linalika, ila yale makubwa ya kuchonga yanafugwa kwa umbo, nyama yake ina maji na nyuzi, na ukilipika kwa nazi utasikitika. Kwa boga la nazi nunua kabocha, lile la kijani la Kijapani. Ni kavu na tamu, na ndilo linalokaribia zaidi ladha ya nyumbani. Mbegu za lile la kuchonga, hata hivyo, usizitupe: osha, kausha, chumvi na mafuta kidogo, kisha kwenye oveni ya nyuzi 300 za Fahrenheit kwa dakika 30 au 40, ukizigeuza.

Wanaouliza kuhusu majani ya maboga: mwombe mkulima Agosti. Mkienda shambani kuchagua boga Oktoba, mara nyingi baridi imeshayaunguza.

Kwa nini mlango mwingine una boga la rangi ya bluu inayoelekea kijani?

Ni ishara kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kama stika, kalamu au vipete, kwa ajili ya watoto wenye mzio wa karanga, maziwa na kadhalika. Mpango huo umeenea nchi nzima tangu 2014. Mtoto wako akiwa na mzio, anzia huko. Na ukitaka kushiriki kwa gharama ndogo, paka boga lenu rangi hiyo.

Picha zote ziko kwenye simu. Albamu ya karatasi ya nini?

Simu huibwa, huvunjika, huingia maji. Lakini sababu yangu si hiyo. Picha za simu hazina maelezo. Baada ya miaka kumi mtoto ataona konda mwenye noti za kuchezea na hatajua kwa nini mama anacheka, yule shangazi wa kulia ni nani, na mlikuwa mnakaa mtaa gani. Ukurasa wa albamu unambeba msimulizi ndani yake.

Tena kwa familia zetu kuna jambo la zaidi. Wengi waliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996, au Kakuma kule Turkana, walifika uwanja wa ndege wa Marekani na mfuko mmoja wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, wenye hati. Picha ya utotoni ya mtoto wao mara nyingi ni ile ya kitambulisho, mtoto ametazama kamera kama ameshtakiwa. Familia iliyofika majira ya joto, Halloween huwa sherehe ya kwanza ya hapa mtoto anayoingia kwa miguu yake, amevaa kitu alichochagua mwenyewe, anacheka. Huo unafaa sana kuwa ukurasa wa kwanza. Nashauri usisubiri "historia kamili" ndipo uanze.

Basi nianzie wapi? Hatuna picha za nyuma kabisa.

Anzia mwaka huu, uache kurasa kumi tupu mwanzoni. Zitajaa. Waombe ndugu walioko Uvira, Bukavu, Bujumbura au Tabora wapige kwa simu picha za zamani walizonazo: picha ilazwe mezani karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe sambamba nayo, si kwa pembe. Wazitume WhatsApp kama faili, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa na kuchakaa.

Pasipo na picha kabisa, mtoto achore. Mwombe babu kwa simu aeleze nyumba ilivyokuwa, mlango umeelekea wapi, mwembe uko upande gani, na mtoto achore kadiri anavyosikia. Chini yake andika maneno ya babu kama alivyoyasema, kwa lahaja yake, usiyasahihishe. Nimeona kurasa za namna hiyo zikishikwa kwa mikono miwili kuliko zenye picha.

Ninunue albamu gani?

Saizi ya kawaida ya hapa ni inchi 12 kwa 12, sentimita 30 hivi kila upande, na picha za kuchapisha ni 4 kwa 6. Walgreens, CVS na Walmart huchapisha kutoka kwenye simu. Kwenye karatasi tafuta maandishi yanayosema haina asidi wala lignini, na mifuko ya plastiki isiwe ya PVC. Asidi, lignini na PVC ndivyo vinavyogeuza picha kuwa za njano.

Zikwepe zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunika, zilizotamba miaka ya 1970 na 1980 na ambazo bado ziko sebuleni kwa wazee wetu wengi. Gundi yake hula picha. Kama unayo na picha zimeganda, kwanza zipige kwa simu zikiwa humo humo, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu nyuma ya picha ukiuvuta huku na huku. Isiyoachia, iache.

Watu walihangaika na gundi tangu zamani: Mark Twain, mwandishi yule, alipata hataza mwaka 1873 ya kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, unalowesha na kubandika. Leo pembe za karatasi za kushikizia picha zinatosha, na picha inaweza kutoka bila kuchanika.

Niweke nini zaidi ya picha?

Kipande cha kitambaa cha vazi. Ramani ya njia mliyopita, aliyoichora mtoto, na nyumba iliyotoa chokoleti kubwa imewekewa nyota. Karatasi ya pipi moja, iliyooshwa na kukaushwa, maana sukari huita sisimizi. Risiti ya duka hufifia mpaka inakuwa nyeupe, kwa hiyo itoe kopi. Jani kavu likae ndani ya mfuko wake. Fuatisha kiganja cha mtoto kila mwaka kwa penseli kwenye ukurasa ule ule, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mwaka wake.

Niandike kwa lugha gani, na niandike nini?

Kwa Kiswahili, au Kibembe, au Kirundi, ile unayoiota. Mtoto aongeze mstari wake kwa Kiingereza akitaka. Majina kamili ya kila aliyemo, mji, tarehe, umri, na jambo moja ambalo kamera haikuliona: alilia kwa sababu mkia ulikatika, jirani mzee alisahau jibu la kitendawili akarudi mlangoni kuliuliza. Nyuma ya picha tumia penseli laini. Kalamu ya wino hupenya au hubonyea mbele.

Watoto wa wenzako waliomo kwenye picha, omba ruhusa kwa wazazi wao kabla ya kuzisambaza kwenye makundi. Ndani ya albamu yako hakuna neno.

Mama mkwe anasema tunafundisha watoto uchawi. Nimjibuje?

Dada yangu, usimjibu kwa maneno. Mpigie simu ya video wakati wa kushona, mwonyeshe katoni, mwambie achague njia ya kuandika kwenye kioo cha daladala. Akisema bado hapana, mheshimu, na picha hizo usizimtumie.

Kijana wangu ana miaka 14 na anasema amekua.

Mpe kamera, na awe ndiye konda. Miji mingine ina kikomo cha umri kwa wanaogonga milango, kwa hiyo huenda ana haki.

Mtoto amerudi na pipi za mwezi mzima.

Mimina zote mezani kwenye mwanga kabla hajala. Tupa iliyofunguka. Kwa mtoto chini ya miaka 4 ondoa ngumu na za mviringo, na karanga nzima, kwa hofu ya kupaliwa. Waislamu wasome viungo: pipi nyingi laini za kutafuna zina jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe.

Zilizobaki, chokoleti huganda vizuri kwenye friza na kuingia kwenye keki Desemba. Nyingine watoto hupeleka kazini kwa mama. Baadhi ya shule pia huwapa watoto visanduku vya rangi ya machungwa vya UNICEF kukusanyia sarafu badala ya pipi, utaratibu ulioanza Pennsylvania mwaka 1950. Wazazi waliopata daftari la kwanza kutoka kwa UNICEF kambini huwa wa kwanza kukijaza. Visanduku hivyo viulizieni shuleni kabla Oktoba haijafika katikati.